Wakili wa mikataba ya kutunza siri Malindi: nampa nyota nne
Mimi fundi wa nakshi, niko Lamu. Mwaka juzi nilimtumia Mtaliano mmoja vipimo vya kiti changu cha baraza, nikamwambia tu isitoke kwako, akasema sawa sawa rafiki, baada ya miezi sita naona kiti kile kile kinauzwa huko kwao, hata ule mkono wa kulia uliopinda kidogo, ambalo ni kosa langu mimi, wameuiga na kupinda kwake hahaha.

Sasa kaja mteja mwengine, Mtaliano pia. Nikadaunlodi mkataba wa kutunza siri, nikavuka kwa boti hadi Mokowe asubuhi nikapanda basi hadi kwa mama wakili mmoja Malindi mjini. Kausoma akaanza kucheka. "Fundi, hapa umekubali kesi isikizwe Delaware, Marekani. Una jamaa huko?"

Nikamwambia basi weka mahakama ya Malindi. Akasema hapo ndipo wengi wanateleza, maana Kenya ina sheria ya kutambuliana hukumu na nchi chache tu, Uingereza, Uganda, Tanzania, Rwanda na nyengine kidogo, Italia haimo. Badala yake akaandika usuluhishi, yaani mtu tuliyemkubali sote aamue badala ya hakimu, ufanyike Nairobi, kwa sababu kuna Mkataba wa New York wa 1958, Kenya iliingia 1989 na Italia imo, kwa hiyo uamuzi wa msuluhishi unaupeleka mahakama ya kwao wautekeleze bila kuanza kesi upya, na sababu za kuukataa ni chache. Ila msuluhishi analipwa, kwa kiti kimoja usijisumbue.

Kilichonifurahisha zaidi alinikalisha tukaorodhesha siri zenyewe, vipimo, michoro, bei za mbao, maana ukiandika "kila kitu" ni kama hujaandika kitu. Na umbo la kiti kipya akasema nisajili kwanza KIPI, ile taasisi ya serikali ya kusajili miundo na uvumbuzi, kabla sijamuonyesha mtu, mkataba unamfunga aliyesaini, binamu yake mwenye karakana haumgusi.

Nyota moja nimekata kwa sababu siku tatu alizoniahidi zilikuwa wiki mbili, simu hapokei, na pale pa kungojea feni haizunguki, na joto la Malindi mwalijua.

Mteja kasaini kila ukurasa, kaomba tu miaka mitano ya kutunza siri iwe mitatu, tukapatana. Vipimo nimemtumia jana. Ule mkono wa kulia nimeuacha umepinda vile vile.