Bia ya kopo la kijani China: sio kila moja ni Tsingtao

Haya wadau, karibuni. Leo mezani nina makopo mawili ya bia, yote kijani, yote yana kile kibanda chenye paa la Kichina, na yote nimeyanunua hapahapa Guangzhou, hili la kushoto supamaketi, la kulia kwenye kaduka ka uchochoroni kwa karibu nusu bei.

La kushoto ndio Tsingtao yenyewe, ile bia maarufu ya China, ya tangu 1903, Wajerumani na Waingereza ndio walioianzisha kule mji wa Qingdao, na hicho kibanda kipo kweli, kiko mwisho wa gati la Zhanqiao. Sasa hebu sogezeni macho hapa kulia. Hawajaandika Tsingtao, wameandika Qingdao, ni jina lilelile la mji, ila Tsingtao ndiyo tahajia ya zamani, halafu jina la mji kwa Kichina limejaa kopo zima, jina la kampuni wamelibana huku chini vimaandishi vidogoo mpaka uweke tochi. Usiku, una haraka, umefungua friji la duka, si unabeba tu?

Na kinachoniuma ni kwamba hii wala sio feki ya kupikwa kwenye mapipa gizani, ni kampuni imesajiliwa kabisa Qingdao, na jina la mji halina mwenyewe, kwa hiyo wanalipachika mbele wanauzia jasho la mwenzao. Sheria ya China ya ushindani wa kibiashara inakataza kuiga vifungashio vya bidhaa inayojulikana hadi mteja achanganyikiwe, na kesi zinafunguliwa kweli, ila ukimzima huyu kesho anaibuka mwingine na kopo jipya.

Ndio maana nasema geuza kopo! Ona hapa ubavuni, kampuni moja imeagiza, kiwanda kingine ndicho kimepika. Halafu tafuta namba yenye °P, hiyo inakuonyesha maji ya kimea yalikuwa mazito kiasi gani kabla ya kuchachushwa. Tsingtao hii ni 10, hii nyingine 8.

Na mdomoni unaisikia. Povu limekata hata sijaweka glasi chini, kimea hakipo, ni maji ya baridi yenye gesi na uchungu kidogo mwishoni. Kwa bei ile mimi siichukui, bora uongeze yuani mbili tatu.

Kama uko China na una kopo hulielewi, piga picha ubavuni, sio mbele, tupia kwenye komenti, nitakusomea kimeandikwa nini.