Duka la dawa nyuma ya soko la Darajani: vidonge vya chuma na mafuta ya samaki

Mwezi wa tatu huu nanunua hapa vidonge vya mama, tangu alipopimwa akaambiwa damu yake ndogo. Kabla yake nilimchukulia mafuta ya samaki kwa mchuuzi. Lebo ilibandikwa juu ya lebo. Nilipoibandua kwa ukucha, tarehe ya chini ilikuwa imeshapita. Niliumia sana, maana alishakunywa nusu chupa.

Hapa muuzaji, mama wa makamo, aliigeuza chupa ya mafuta ya samaki akanisomesha nyuma: mbele miligramu 1000, lakini omega-3, yale mafuta yenyewe yanayotafutwa, ni EPA 180 na DHA 120. "Hizo 300 ndizo unazozilipia, mwanangu." Akanionesha na alama ya USP, shirika la Marekani la viwango vya dawa, kwenye chupa ya Nature Made, kwamba kilichomo kimepimwa na watu wa nje ya kiwanda. Vidonge vya chuma akasema visinywewe na chai, bora maji ya chungwa. Mafuta hakuniuzia kabisa! "Vibua si mnakula? Basi."

Bei imezidi kidogo ya Mwanakwerekwe, na baada ya laasiri foleni inachosha. Nendeni asubuhi.