Kubadili ukubwa wa vipandikizi vya matiti: huduma hii ikoje hasa?

Upasuaji huu unauzwa kama kazi nyepesi: kovu lipo, nafasi ipo, kinatolewa cha zamani kinawekwa kipya, jioni umerudi nyumbani. Kwa anayeweka ukubwa uleule, maelezo hayo hayako mbali na ukweli. Kwa anayebadili ukubwa, kazi kubwa iko kwenye utando, na hapo ndipo utaitambua kliniki nzuri na mbovu.

Mwili hukizungushia kipandikizi utando wa kovu, nao hukaa kwa kipimo cha kile cha kwanza. Ukiweka kikubwa bila utando kuchanwa na kupanuliwa, kitabanwa na kukaa juu mno. Ukiweka kidogo bila utando kushonwa upungue, kitateleza kuelekea kwapani ukilala chali, au kitashuka chini ya mstari wa titi huku chuchu ikiangalia juu. Kabla ya bei, muulize daktari utando ataufanyia nini. Akishindwa kueleza, tafuta mwingine.

Wengi hufika na namba kichwani: "Nina 300, nataka 400." Nyongeza ya mililita 50 mara nyingi haionekani ukiwa umevaa nguo, kupanda kikombe kimoja cha sidiria huhitaji takriban mililita 150 hadi 200, na mwenye kifua kipana huhitaji zaidi. Kinachoweka mpaka ni upana wa titi lenyewe, unaopimwa kwa sentimita ukiwa umesimama. Kipandikizi kikizidi upana huo, matiti hukaribia kugusana katikati na ukingo wake husikika kwa kidole pembeni. Kumbuka pia uzito: mililita 100 za silikoni ni karibu gramu 100, na mzigo huo hubebwa na ngozi ya chini kila siku.

Kupunguza ndiko kugumu zaidi, ingawa watu hudhani kinyume. Ngozi iliyotanuka hairudi yote. Anayeshuka kutoka 500 hadi 250 huenda akahitaji kuinuliwa matiti papo hapo, kwa makovu yanayozunguka chuchu na kushuka wima. Muda unaweza kufika saa tatu na bei hupanda. Mvutaji wa sigara, shisha au vepu aache angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada: nikotini hupunguza damu inayofika kwenye chuchu, na chuchu inaweza kufa.

Usikimbilie kurudia kabla ya miezi 6 tangu upasuaji wa kwanza. Mwaka ni bora, maana uvimbe huchelewa kuisha. Njoo na kadi ya vipandikizi yenye jina la kampuni, aina, ujazo na namba ya kifaa. Kadi ndiyo itakayoonyesha kama unabeba vipandikizi vya PIP, kampuni ya Ufaransa, vilivyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa silikoni isiyo ya kitabibu, au vile vya uso wa kukwaruza vya BIOCELL vya kampuni ya Allergan, vilivyoitwa virudishwe Julai 2019 kwa kuhusishwa na aina adimu ya limfoma (saratani ya mfumo wa limfu). Kwa sababu ya limfoma hiyo, titi lililojaa maji miaka kadhaa baadaye livutwe maji na yapimwe kwanza. Hilo halina mjadala.

Kliniki makini hujaribu kipimio (kipandikizi cha muda cha kupimia ukubwa) ndani ya titi ukiwa umekalishwa wima mezani ungali usingizini, hubadilisha glovu kabla ya kugusa kipandikizi kipya, na huosha nafasi kwa dawa ya kuua vijidudu. Baada ya hapo, sidiria ya kubana na kutobeba vizito kwa wiki 4 hadi 6. Titi moja likivimba ghafla na kukaza ndani ya saa 48 za kwanza, ni dalili ya damu kuvuja ndani. Rudi hospitali usiku huohuo.

Kwa hiyo vifurushi vya kusafiri kufanyiwa upasuaji huu Istanbul au Dubai tunavipa alama ndogo kuliko bei yake inavyovutia, isipokuwa ukae huko hadi vidonda vikaguliwe na uwe na daktari Nairobi au Dar es Salaam aliyekubali mapema kukupokea. Dai pia maandishi: marekebisho yakihitajika, nani analipia daktari, chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi. Kliniki nyingi husamehe ada ya daktari tu.