TAHADHARI: Huyu anayeuza "matofali ya Mjerumani" Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi, Masasi na vitongoji vyake, hasa ninyi mnaokarabati nyumba msimu huu. Kuna jamaa anatembeza matofali ya kuchoma ya kubomolea, yaani yaliyotolewa kwenye majengo ya zamani yaliyobomolewa, anayaita "matofali ya Mjerumani". Usimtumie hata hela ya mafuta ya gari kabla ya kumaliza kusoma hapa.

Jina lake siandiki. Kila mteja amepewa jina tofauti, na laini za simu anabadilisha kama shati. Namna anavyofanya kazi ndiyo haibadiliki, basi mjueni kwa hiyo.

Anaibuka malipo ya korosho yakianza kuingia benki. Anarusha picha kwenye makundi ya WhatsApp: rundo la matofali mekundu, kingo zimelika kidogo, chokaa ya zamani imeng'ang'ania hapa na pale. Picha nzuri, sina ubishi. Maelezo ni kwamba mzigo umetoka nyumba ya wamisionari, au boma la Mikindani, au kambi ya shamba la mkonge kule Lindi. Umebaki kidogo, na kuna mtu wa Dar anautaka wote. Bei iko juu kuliko tofali jipya, na watu wanalipa, maana ukuta wa sebule ulioachwa bila plasta ndiyo fasheni ya sasa, na tofali kuukuu kweli linapendeza kuliko jipya.

Tuanze na hilo boma. Boma la Mikindani lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, na mpaka leo limesimama, watu wanalala humo, ni hoteli. Hakuna aliyelibomoa. Isitoshe, nyumba za kale za pwani yetu, kuanzia Mikindani mpaka Kilwa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Tofali la kuchoma ni jambo la huko bara, kwenye mabonde yenye udongo wa mfinyanzi na maji. Mtu akikwambia ana tripu nzima ya matofali yaliyotoka nyumba ya kale ya Mikindani, hapo hapo umeshapata jibu lako.

Sasa kisa chenyewe. Mimi ni fundi mwashi hapa Mtwara. Mwalimu mmoja mstaafu wa Chuno aliniita nimjengee ukuta wa sebule wa matofali ya kuonekana, pamoja na kutandaza matofali barazani. Mzigo alikuwa ameshaununua yeye, kianzio ametuma kwa simu, kilichobaki ni kulipa gari likifika. Jamaa alikuwa akimpigia kila asubuhi: "Shikamoo mama yangu, mzigo wako nimeuweka pembeni, nawakatalia wengine." Nani hatamwamini kijana mwenye adabu hivyo?

Fuso likaingia saa moja kasoro usiku, taa ya barazani tu ndiyo inawaka. Matofali yameloa chapachapa. Nikauliza maji ya nini, dereva akasema yamemwagiwa ili yasitimue vumbi njiani. Nikachukua mawili nikayagonganisha. Tofali lililoiva hulia, unasikia mlio mkavu kama wa kigae. Haya yakatoa kishindo cha mtu kupiga godoro. Dereva akacheka: "Fundi, hayawezi kulia, yana maji." Na kweli, hata tofali zuri likiloa sauti yake hufifia. Maji yale kazi yake ndiyo hiyo. Yanakunyima kipimo cha kwanza cha fundi, na papo hapo yanafanya wekundu wote ufanane.

Mama akalipa gari, wakapakua haraka haraka na kuondoka. Asubuhi jua lilipopiga ndipo tukaona. Safu za nje za rundo ni matofali ya haki, mazito, yameungua vizuri. Ukiyaondoa, ndani ni mchanganyiko: vipande, nusu tofali, na mengi ambayo hayajaiva kabisa. Nikaokota moja lililovunjika pembe. Pale palipovunjika palikuwa pekundu kama upande mwingine wote! Tofali la kweli likimeguka, mmeguko wake una rangi yake na punje zake. Hili lilikuwa limepakwa ile rangi nyekundu ya unga inayochanganywa na saruji kwenye sakafu, likachovywa baada ya kuvunjika. Nikalipasua katikati. Ganda jekundu, kisha udongo wa kahawia, ule ule ulioingia tanurini.

Wanaochoma matofali wanajua yanakotoka hayo. Tanuri letu la kuni haliivishi sawasawa. Yaliyo karibu na midomo ya moto huiva, mengine hupitiliza na kupinda. Ya juu na ya pembeni hutoka mabichi. Zamani mafundi waliyaficha ndani ya ukuta, yakafunikwa na plasta, nayo yakaishi miaka mingi kwa amani kwa sababu hayakuonja mvua. Ukiyatoa huko ukayaweka barazani, masika moja yanageuka tope. Kwa hiyo hata mzigo uliotoka kweli kwenye jengo la zamani si lazima ukufae. Uzee wa tofali si dhamana.

Nililichovya moja kwenye ndoo ili mama aone kwa macho yake. Lilitoa mapovu muda mrefu, maji yakawa mekundu kama juisi ya rozela. Kesho yake pembe zote nne zilikuwa zimelainika, ukibonyeza kwa kidole gumba kinazama.

Ukitaka kununua matofali ya kubomolea kwa mtu yeyote, nenda mchana, yawe makavu, na uchague mwenyewe kutoka katikati ya rundo na chini yake. Usikubali yale unayokabidhiwa mkononi. Yagonganishe. Yakwaruze kwa msumari. Ukichimba mfereji kirahisi, achana nayo. Pasua moja, ulilipe kama mwenyewe atanuna. Kama una mzani wa duka, pima tofali kavu, lizamishe saa 24, pima tena: uzito usiongezeke zaidi ya asilimia 20. La kilo 2.5 likifika kilo 3 hapo ndipo mwisho, likizidi linakunywa maji kupita kiasi.

Halafu kuna chumvi, ambayo pwani hii watu wanaisahau. Tofali lililokaa miaka kwenye ghala la samaki, choo au ukuta unaopigwa na upepo wa bahari limenyonya chumvi, na halitaiacha kwa sababu limehamia sebuleni kwako. Litatoa unga mweupe na kubandua rangi na plasta. Lisimamishe kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita mbili na nusu hivi, acha linyonye mpaka maji yaishe, kisha likauke. Ukiona unga mweupe umelivaa, mrudishie mwenyewe.

Angalia pia kilichoganda juu yake. Huko Uingereza tofali kuukuu ni biashara ya heshima, na watu wanajua kwamba nyumba nyingi za kabla ya miaka ya 1930 zilijengwa kwa mota ya chokaa (mota ni ule mchanganyiko wa kuunganishia matofali). Ukibomoa, tofali linatoka zima, chokaa unaikwangua kwa patasi. Mota ya saruji haiachii; ukilazimisha, tofali ndilo linalovunjika. Basi akikuletea matofali yaliyoganda saruji ya kijivu, kwanza utapoteza mengi wakati wa kuyasafisha. Pili, mwulize ni Mjerumani gani huyo, maana wa kwetu alivuka Ruvuma kukimbia Novemba 1917, na saruji ile inaonekana ni ya juzi.

Usinunue kwa "tripu". Hiyo tripu ni kichaka cha kujificha: kuta nne za rundo zimepangwa vizuri, katikati kifusi. Nunua kwa idadi ya matofali mazima, yahesabiwe yakishuka. Ukuta wa tofali moja moja, kwa saizi ya Kiingereza ya milimita 215 kwa 65, unakula matofali 60 kwa mita ya mraba. Yetu ya kienyeji hayana saizi moja, kwa hiyo pima lako kwanza ndipo upige hesabu, na uongeze ya kuvunjika.

Mwulize limebomolewa jengo gani, na nani aliruhusu. Jengo la mtu lina mwenyewe na mwenyekiti wa mtaa anamjua. La serikali likibomolewa mabaki yana karatasi. Asiye na jibu huenda anakuuzia mali ya wizi, na Kanuni ya Adhabu inamshika anayepokea pia. Akikutajia magofu ndiyo kabisa, kimbia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, hata kama yamebaki ukuta mmoja porini.

Mwalimu wetu tumemwokolea kiasi. Yaliyoiva yalitosha kipande cha ukuta wa sebule, barazani tukamwaga zege. Mengine yamerundikwa nyuma ya nyumba, na jamaa hapokei simu.

Mliokwisha kumtumia pesa, msifute meseji wala picha zake. Muamala wa simu una jina la aliyesajili laini. Lipigeni picha, nendeni nalo polisi mkafungue jalada la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Meseji zake za kuomba pesa zitumeni na namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Mkienda polisi watatu wanne kwa pamoja mtasikilizwa vizuri zaidi, kwa hiyo aliyeko Lindi au Masasi mwenye kisa kama hiki aniandikie, nimuunganishe na mama wa Chuno.