Kipampu cha upepo cha 12V: kelele nyingi, geji muongo, ila kwenye buti hakitoki

Nina miezi nane natembea na hichi kipampu, gari yenyewe ni saluni ya kawaida tu, iko chini na inavuta kwa tairi za mbele. Nilikinunua nikiwaza pancha, kumbe kazi yake kubwa ni nyingine kabisa.

Iko hivi, ukiingia mchanga laini na psi 32 (psi ndo kipimo cha upepo wa tairi) tairi inachimba, ukizidi kukanyaga mafuta ndo unajizika kabisa, mi nilishajizika mpaka sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikalalia mchanga, nikafukua kwa mikono nikashusha upepo mpaka psi 18, tairi zikabonyea zikapata sehemu ndefu ya kukanyagia, gari ikatoka taratibu utadhani haikua imekwama. Zamani nilikua naogopa kushusha, maana ukishatoka hapo utajaza na nini huko porini? Ndo kipampu sasa.

Sio kwamba unashusha tu kila mahali lakini. Kwenye mawe mi siendi chini ya 26, gari ikishuka sampo inakua jirani na mawe halafu ubavu wa tairi ukichanika hapo kipampu hakisaidii kitu. Na ukiwa na 18 usikimbize wala usikate kona kwa fujo, tairi inachomoka kwenye rimu.

Kasoro zipo. Geji inaongeza kama psi 3 ukilinganisha na geji yangu ya mkono, yani unajua umejaza 32 kumbe ni 29. Kelele usiseme. Kinachemka pia, ile sehemu ya kufungia kwenye valvu inaunguza vidole, ndo maana najaza tairi mbili nakipumzisha dakika kumi kisha namalizia mbili zilizobaki, na muda wote injini nimeiwasha ili betri isije ikalala. Siku ya kwanza niliunguza fyuzi, hilo kosa langu, nilikichomeka kwenye soketi ya kugawa pamoja na chaja ya simu.

Kinachoniudhi zaidi ni waya. Tairi za nyuma haufiki mpaka uupitishe dirisha la mlango wa nyuma, sasa fikiria kuna mvua. Nyota nne, ya tano nimeikata kwa ajili ya huo waya.