TAHADHARI: Krimu za kopo za "kutoa madoa siku 7"

Ndugu zangu, kuna krimu zinazouzwa mitandaoni na kwenye maduka ya vipodozi, zimepakuliwa kwenye vikopo visivyo na lebo, kwa ahadi ya kumaliza madoa meusi usoni ndani ya siku 7. Msinunue. Huo ni mkorogo.

Ngozi ya juu huchukua mwezi hivi kujibadilisha, kwa hiyo doa haliwezi kuisha kwa wiki moja. Kinachong'arisha haraka namna hiyo mara nyingi ni steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi) kama clobetasol, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au zebaki. Zote tatu zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Steroidi hubana mishipa ya damu na kuzima vipele, uso ukaonekana msafi. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vinyweleo vinaota. Ukiacha ghafla uso unawaka moto na kujaa vipele. Haidrokwinoni ya muda mrefu huacha weusi wa kibluu mashavuni, mgumu kutibika kuliko doa la mwanzo. Zebaki huumiza figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni.

Ikiwa kopo lina lebo, isome. Calomel na mercurous chloride ni zebaki. Onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au alumini pia ni dalili yake.

Madoa yana chanzo, na wauzaji hawa hawakiulizi. Yanayobaki baada ya chunusi hayaishi kama bado unaminya: tibu chunusi kwanza. Mabaka ya mashavuni na juu ya mdomo huja na ujauzito au dawa za uzazi wa mpango, na jua huyakoleza. Yote yanahitaji krimu ya kukinga jua, SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi, kila asubuhi, mstari wa krimu wenye urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, na kurudia kila saa 2 ukiwa juani. Krimu ya asidi ya azelaiki ya 20% hupunguza madoa na hufaa hata kwa wajawazito. Ipe wiki 8 hadi 12.

Umeshapaka kwa miezi? Nenda kliniki ya ngozi na kopo lako, daktari akupangie namna ya kuacha. Ukiwa na mikono inayotetemeka, ganzi au miguu iliyovimba, acha leo hii na uombe kipimo cha zebaki kwenye mkojo. Kopo usilichome, zebaki hugeuka mvuke. Lifunge kwenye mfuko, kisha toa taarifa kwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao ndio wasimamizi wa vipodozi tangu 2019.