Dragon Ball Super kwa Kiitaliano: nunua kwa ajili ya Goku

Boksi la DVD za Dragon Ball Super, katuni ya Kijapani, nililetewa na binamu anayefanya kazi Milano, nikamtumia elfu nne na mia tano kwa M-Pesa. Madukani hapa Nairobi sijaliona. Ila kabla hujaagiza, jua kwamba DVD hufungwa kwa kanda za dunia (region): diski za Italia ni za kanda ya 2, na Kenya iko kanda ya 5. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue aliifungua deki yangu ikubali kanda zote, huku napiga stori na mwenye duka.

Kinacholipia hiyo pesa ni Claudio Moneta, sauti ya Kiitaliano ya Goku, shujaa wa hadithi. Wajapani wana mama Masako Nozawa, mzaliwa wa 1936, ambaye ndiye Goku wao tangu 1986. Italia ilimpa Goku mtu mzima sauti ya kiume, ya Paolo Torrisi, na Torrisi alipofariki 2005 masikio ya watu yalikuwa yameshamzoea yeye tu. Kurithi nafasi kama hiyo si mchezo. Moneta hakumwigiza marehemu. Goku wake ni mwepesi, anacheka kama kijana aliyeitwa mezani akakuta pilau. Akianza kupigwa, sauti inashuka kifuani, na unasahau kabisa kuna mzee amesimama studio na karatasi mbele yake.

Mtu huyohuyo ndiye SpongeBob wa Waitaliano! Ndiye Kakashi wa katuni ya Naruto pia. Nimerudisha nyuma vipande kadhaa nikimtafuta SpongeBob ndani ya Goku, simpati. Gianluca Iacono naye, sauti ya Vegeta, mpinzani wa Goku, tangu enzi za Dragon Ball Z, mfululizo uliotangulia, dharau yote anaiweka kwenye pumzi kabla hata hajatamka neno.

Kiitaliano changu ni cha hoteli za Malindi, na nafuata vizuri tu. Usiyekijua utateseka, maana maandishi ya chini kwenye boksi langu ni ya Kiitaliano tupu. Jirani yangu, aliyekulia vibanda vya video na DJ Afro, yule anayesimulia filamu kwa maneno yake mwenyewe, alivumilia kidogo kisha akauliza, "Sasa huyu jamaa mbona haongezi maneno yake?"

Vipindi ni 131, na vya mwanzo vinarudia hadithi za filamu mbili zilizotangulia. Kama una pesa ya boksi moja tu, chukua la sehemu ya Mashindano ya Nguvu, inayoanza kipindi cha 77, ingawa mashindano yenyewe yanaanza kipindi cha 97. Nyota nne kwa tano.